Kadi ya Njano Inailinda Nchi Unayokwenda. Wewe Unalindwa na Nani?

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi huonyesha kadi yake ya homa ya manjano pale Kasumbalesa anapoingia Kongo, na huitoa tena Tunduma akirudi nyumbani. Afisa wa afya hutazama jina, tarehe na mhuri, kisha humrudishia. Hamuulizi kama dawa zake za presha zitatosha kwa siku zote za foleni, kama analala ndani ya chandarua, au kama amewahi kuchanjwa homa ya ini. Wala kazi yake si hiyo. Amewekwa pale ili ugonjwa usiingie nchini mwake. Afya ya dereva ni shauri la dereva.

Jambo hili liko wazi kiasi kwamba tumeacha kuliona. Mtu akipata safari ya nje, swali la kwanza analouliza kuhusu afya ni "wanataka chanjo gani?" Akiambiwa wanataka homa ya manjano, anachanja (au ananunua kadi, nitalifikia hilo), anaibana kadi ndani ya pasipoti na kuhesabu kwamba suala la afya limekwisha. Akiambiwa hawataki chochote, anahesabu kwamba hakuna hatari. Hesabu zote mbili ni za makosa, na zimewaua watu waliotimiza kila sharti waliloandikiwa.

Msafiri ana orodha mbili. Ya kwanza imeandikwa na serikali ya nchi anayokwenda, kwa faida ya wananchi wa nchi hiyo. Ya pili haijaandikwa na mtu yeyote mpaka msafiri mwenyewe akae na daktari waiandike: umri wake, maradhi aliyonayo, mahali atakapolala, maji atakayokunywa, msimu, muda atakaokaa. Orodha hizi zinagusana mahali pachache tu, na mara nyingine zinapingana. Sisi tumeshika ya kwanza tukaitupa ya pili.

Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sheria za afya mipakani zimejengwa juu ya hofu iliyo kinyume na msemo huo, kwamba mgeni atakuja na mwenyeji ataugua, na hofu hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1865 kipindupindu kililipuka Makka wakati wa Hija. Inakadiriwa kilichukua mahujaji wapatao 15,000 kati ya 90,000. Waliosalia walirudi makwao kwa meli, nao ugonjwa ukapanda meli hizohizo: Suez, Alexandria, kisha bandari za Ulaya, yote ndani ya miezi michache. Wimbi hilohilo la kipindupindu ndilo lililofika kwetu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, alifuatilia njia yake kutoka Bahari ya Shamu, likishuka bara na misafara ya biashara kupitia Umasaini hadi Pangani, kisha likavuka bahari na kuwaangamiza maelfu Unguja mwaka 1869 na 1870.

Wakubwa wa dunia walikutana Istanbul mwaka 1866 kujadili namna ya kuzuia yasitokee tena, na kilichotoka huko, mwishowe, ni karantini. Kuanzia mwaka 1882 kisiwa cha Kamaran, karibu na pwani ya Yemen, kiligeuzwa kituo cha kuwazuia mahujaji waliotokea kusini kabla ya kuruhusiwa kwenda Jeddah. Waliokuwa wakilindwa ni watu wa miji mingine. Hujaji mwenyewe alikuwa mtuhumiwa.

Mtazamo huo ndio uliorithiwa na kanuni za kimataifa za afya tunazozitumia leo. Tofauti ni kwamba orodha yake imezidi kupungua. Sharti la chanjo ya kipindupindu liliondolewa mwaka 1973 baada ya kudhihirika kwamba chanjo ya wakati ule haikuzuia ugonjwa kuvuka mipaka, ingawa maafisa wa baadhi ya mipaka ya Afrika Mashariki waliendelea kwa miaka mingi kudai mhuri wake, na wasafiri wakaendelea kuulipia. Ndui nayo ilifutika. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977, na dunia ilitangazwa kuwa huru mwaka 1980. Leo homa ya manjano ndiyo ugonjwa pekee uliotajwa kwa jina katika kanuni hizo kwamba nchi inaweza kumdai msafiri yeyote cheti cha chanjo yake.

Kwa nini huu na si mwingine? Jibu limo ndani ya mbu. Homa ya manjano husambazwa mijini na Aedes aegypti, yule mbu mwenye mistari meupe anayeuma mchana na kuzaliana kwenye ndoo, matairi na vifuu vya nazi. Mbu huyo yuko Mumbai, yuko Guangzhou, na yuko Dar es Salaam kwa wingi, kama milipuko ya dengi ya mwaka 2014 na 2019 ilivyotuonyesha. Anachokosa ni kirusi. Bara la Asia halijawahi kupata mlipuko wa homa ya manjano hata mara moja, na Tanzania inahesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi yenye uwezekano mdogo wa maambukizi, ilhali Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari. Mtu mmoja tu anayeshuka uwanjani akiwa na kirusi kwenye damu ndiye anayekosekana ili moto uwake. Ndiyo maana siwalaumu maafisa wa mipaka wanaoshikilia kadi. Wana haki ya kuogopa.

Na mtu huyo alikaribia kupatikana. Mwishoni mwa mwaka 2015 homa ya manjano ilizuka Luanda, Angola, ikavuka hadi Kinshasa. Wachina 11 waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Angola walirudi kwao wakiwa nayo, na ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuthibitishwa ndani ya Asia. Wagonjwa wawili waliotoka Angola walifika Kenya. Akiba ya dharura ya dunia, dozi milioni 6, iliisha, hata ikabidi mwezi Agosti 2016 wakazi wa Kinshasa wachanjwe kwa sehemu moja ya tano ya dozi ya kawaida ili chanjo itoshe. Sharti la kadi kwa wanaoingia Angola lilikuwepo muda wote huo. Kama wafanyakazi wale wangekuwa na kinga mwilini, China isingekuwa na kisa hata kimoja. Sharti kwenye karatasi na kinga kwenye damu ni vitu viwili, na katikati yao kuna nafasi ambayo kirusi kinapita.

Nafasi hiyo tunaipanua wenyewe. Si siri kwamba kadi zinauzwa. Ukikaa na madereva Tunduma au Malaba utasikia bei, na utasikia pia sababu, ambazo haziwezi kupuuzwa. Kituo kinachotoa chanjo kiko mjini, safari imetokea usiku, chanjo imeisha, foleni ni ndefu. Zaidi ya hayo, dereva amejifunza kutokana na uzoefu kwamba asiye na kadi hupita kwa kutoa pesa, na mwenye kadi halali naye anaweza kutafutiwa kasoro ili atoe pesa. Kadi imekuwa kama stika ya bima ya gari: inabandikwa kwa ajili ya trafiki. Mtu akishaiona hivyo, kununua karatasi bila sindano hakumtii wasiwasi wowote. Kosa la kwanza lilifanywa na mfumo uliomfundisha kwamba kinachotafutwa ni karatasi.

Lakini anayepoteza ni yeye. Homa ya manjano haina dawa ya kuiua. Wengi hupona baada ya homa ya siku chache, ila wachache huingia hatua ya pili, ambapo macho hugeuka manjano, figo husimama, damu hutoka puani na mdomoni, na nusu yao hufariki ndani ya siku 7 hadi 10. Dhidi ya hayo ipo chanjo iliyotengenezwa mwaka 1937, iliyompa Max Theiler Tuzo ya Nobel mwaka 1951, na ambayo kwa watu walio wengi hutosha sindano moja kwa maisha yote. Tangu Julai 2016 cheti chake nacho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Bado kuna watu wanaoambiwa warudie kila baada ya miaka 10, na wanalipa.

Kuhusu siku 10, naomba nieleweke vizuri. Cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano kwa sababu mwili unahitaji muda huo kutengeneza kinga. Anayechanjwa Jumatatu akaruka Jumatano ana karatasi ya kweli mkononi, lakini siku anapotua mwili wake ni sawa na wa mtu ambaye hakuchanjwa, na afisa makini akisoma tarehe anaweza kumzuia. Wapo wanaomsihi muuguzi aandike tarehe ya nyuma. Muuguzi anayekubali anafikiri anamsaidia.

Halafu kuna mahali ambapo orodha mbili zinapingana, na hapa ndipo nahisi uchungu zaidi, maana wanaoumia ni wagonjwa. Wakenya na Waganda wengi huenda Chennai, Hyderabad na Delhi kutibiwa. India, kwa sababu za mbu nilizozieleza, humdai cheti kila anayetoka nchi yenye homa ya manjano, na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Sasa chukua mgonjwa wa saratani aliyekwisha kuanza dawa za kemo. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kwa mtu ambaye kinga yake imeporomoka, kirusi hicho kinaweza kuleta ugonjwa uleule kilichotakiwa kuuzuia. Tahadhari kama hiyo inamhusu mama mjamzito, mtoto wa chini ya miezi 6, mwenye mzio mkali wa mayai, anayeishi na VVU ambaye kinga yake iko chini sana, na mzee aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa kabisa, kwa kuwa madhara makubwa, japo ni nadra, huongezeka kwa umri. Kanuni za kimataifa zimeliona hilo. Daktari anaruhusiwa kuandika cheti cha kumwondolea mgonjwa sharti la chanjo kwa sababu za kiafya, na nafasi yake imo kwenye mfumo huohuo wa kadi. Ni familia ngapi zinaelezwa haya zinapohangaika kuchangisha nauli ya mgonjwa? Mtu anapelekwa kuchomwa sindano kwa sababu "wanataka", bila swali moja kuhusu dawa anazotumia.

Hija ndiyo safari pekee kubwa ambapo orodha ya serikali na orodha ya mwili zimekaribiana, na zilikaribiana kwa gharama ya maisha. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka Makka. Vimelea vyake vilirudi na mahujaji hadi Chad na Sudan, na mwaka 1989 Nairobi ilipata mlipuko mkubwa uliosababishwa na ukoo uleule wa bakteria. Saudi Arabia ikaweka sharti la chanjo. Mahujaji wakachanjwa. Mwaka 2000 homa ikazuka upya, safari hii kwa aina ya W135, ambayo chanjo iliyokuwa ikitumika sana, ya aina A na C, haikuigusa. Wengi wa mahujaji wale walikuwa na vyeti kamili. Walichukua bakteria kooni, wakarudi nao nyumbani, na baadhi ya waliougua ni wake, waume na watoto ambao hawakwenda popote. Mwaka 2002 aina hiyohiyo ilishambulia Burkina Faso, wagonjwa wapatao 13,000, na zaidi ya 1,400 wakafa.

Tangu hapo Saudi Arabia inadai chanjo ya aina nne, A, C, W na Y, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ila kuna jambo ambalo mahujaji wetu hawaelezwi: chanjo hiyo imetengenezwa kwa namna mbili. Ya polisakaridi inahesabiwa miaka 3, nayo haimzuii mtu kubeba bakteria kooni. Ya konjugeti inahesabiwa miaka 5, hutoa kinga imara zaidi, na hupunguza uwezekano wa kumpelekea mtoto nyumbani zawadi asiyoitaka. Zote mbili hupigiwa mhuri uleule. Afisa wa Jeddah ameridhika na yoyote kati ya hizo. Mke wako na wajukuu wanaokusubiri uwanjani wana sababu ya kutaka ujue ni ipi uliyochomwa, kwa hiyo uliza, na jibu liandikwe kwenye kadi.

Umra, ziara ya ibada ya Makka nje ya Hija, imekuwa mlango wa pembeni. Mwezi Aprili na Mei 2024 watu 12 waliougua homa ya uti wa mgongo walitambuliwa Marekani, Uingereza na Ufaransa. Kumi walikuwa wametoka Umra na wawili walikuwa ndugu au watu wa karibu na waliosafiri. Tisa ilijulikana kwamba hawakuchanjwa, na watatu hali yao ya chanjo haikujulikana. Sharti lilikuwepo kwa Umra kama kwa Hija. Ukaguzi ndio uliolegea, hasa kwa wanaoingia kwa viza za kawaida, na watu waliochukulia kwamba kisichokaguliwa si cha lazima wakalipa. Mfano huu unatuhusu sana watu wa pwani. Umra ya Ramadhani imekuwa safari ya familia, ya wiki mbili, inayopangwa haraka mtandaoni. Anayekwenda kwa haraka namna hiyo ndiye anayesongamana na mamilioni ya watu kutoka kila bara, koo kwa koo.

Na hata Hija yenye masharti kamili haikuandikii kila kitu. Kinachowalaza mahujaji wengi hospitalini ni nimonia na magonjwa mengine ya njia ya hewa. Chanjo ya mafua na ile ya nimonia kwa wazee na wenye kisukari zinashauriwa, lakini si kila hospitali huku kwetu inazo na si kila daktari anazitaja. Joto halina chanjo. Tarehe 17 Juni 2024 kipimo kilifika nyuzi 51.8 kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301 katika Hija ile, asilimia 83 wakiwa watu waliokwenda bila kibali rasmi, ambao walitembea masafa marefu juani bila hema wala basi lenye kiyoyozi. Mzee wa miaka 70 mwenye kisukari na presha, anayetumia dawa za kukojoza, anahitaji mtu amweleze namna ya kunywa maji na dawa zake katika jua lile. Anahitaji insulini yake awe nayo kwenye begi la mkononi, barua ya daktari inayotaja dawa kwa majina yake ya kitaalamu, na dozi za ziada za wiki mbili. Hayo hayana mhuri, kwa hiyo hayasemwi.

Taasisi za Hija na vikundi vinavyoandaa Umra vinaweza kulibadilisha hili kwa urahisi kuliko wizara yoyote. Hujaji hulipa kidogokidogo kwa miezi, wakati mwingine miaka. Semina za kufundisha manasiki, yaani taratibu za ibada ya Hija, hufanyika. Lakini suala la chanjo huachwa hadi wiki za mwisho, watu wanapangwa foleni, wanachomwa kwa mpigo na kupewa kadi. Kwa nini hujaji asipelekwe kwa daktari siku anapolipa awamu ya kwanza? Kwa mtu wa kawaida wiki 4 hadi 8 kabla ya safari zinatosha. Kwa mzee mwenye maradhi matatu, miezi 6 ndiyo inayofaa, kwa sababu sukari iliyopanda haishuki kwa wiki moja, na goti bovu halitengemai siku ya kuruka. Kikundi kinachochagua hoteli kwa umakini mkubwa hakishindwi kuchagua daktari.

Vijana wetu wanaokwenda Muscat, Doha na Riyadh kufanya kazi za ndani wanaonyesha upande mwingine wa tatizo hili. Hawa hupimwa kuliko msafiri yeyote: ujauzito, VVU, kifua kikuu, homa ya ini B na C. Akionekana na tatizo anaandikiwa kwamba hafai, na safari inakufa hapo. Akifaa, anasafiri. Angalia vizuri kilichotokea. Binti amepimwa homa ya ini B, amekutwa hana, yaani ni mtu ambaye bado anaweza kuambukizwa, na hakuna aliyemchanja. Chanjo ipo, ni sindano tatu, na aliyezaliwa kabla ya miaka ya 2000 hapa kwetu hakuipata utotoni. Damu yake imetumika kumhakikishia mwajiri kwamba mzigo uko salama. Maneno haya ni makali, najua, lakini sioni namna nyingine ya kueleza vipimo ambavyo mpimwaji mara nyingi hapewi hata nakala ya majibu yake. Wakala anayelipwa kwa kila kichwa anachopeleka angelazimishwa kisheria kulipia chanjo hizo, na kumkabidhi binti majibu yake mkononi, tungekuwa tumemtendea haki kidogo.

Nimeacha malaria mwisho ingawa ndiyo inayoua zaidi, na sababu ni kwamba haimo kwenye orodha ya nchi yoyote. Hakuna balozi atakayeinyima viza familia ya Leicester kwa kuwa haijabeba vidonge vya malaria inapokwenda Mwanza kwa likizo ya Desemba. Uingereza iliandikisha wagonjwa 2,004 wa malaria mwaka 2023, na miaka yote kundi kubwa kabisa miongoni mwa wanaougua ni watu waliokwenda kuwatembelea ndugu katika nchi za asili yao. Wengi hurudi kutoka Afrika Magharibi, lakini sababu wanazotoa ungezisikia pia kwa mtu wa Bukoba au Kisumu: malaria nimekua nayo, naijua, haiwezi kunisumbua.

Ilikuwa kweli alipokuwa akiishi pale. Kinga ya malaria hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara na hubaki kwa kuumwa mara kwa mara. Miaka michache ya baridi ya Ulaya huifuta sehemu kubwa. Mtoto aliyezaliwa huko hakuwahi kuwa nayo kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa homa ya ini A. Mama aliyelelewa Tabora huenda aliipata akiwa mdogo, ikapita kama kichefuchefu cha siku mbili, na leo haimpati tena. Mwanawe wa miaka 14, aliyekunywa maji safi tangu azaliwe, akiipata kwenye juisi ya miwa barabarani ataugua kweli. Mzazi anapima hatari kwa mwili wake mwenyewe ilhali anayesafiri ni mwili tofauti.

Kuna na aibu ndani yake, na ningependa tuizungumze kwa upole. Kumeza kidonge kila asubuhi mbele ya bibi, kukataa maji ya mtungini, kufunga chandarua kwenye chumba ambacho binamu zako wanalala bila kitu: inaonekana kama kuwadharau waliokupokea. Gharama nayo ipo. Huduma ya afya ya Uingereza hutoa bure chanjo za homa ya ini A na taifodi, lakini vidonge vya malaria familia hujilipia, na kwa watu watano si pesa ndogo baada ya nauli. Hata hivyo doksisaiklini ni nafuu kuliko Malarone kwa mtu mzima na watoto wakubwa, mradi iendelee kumezwa wiki 4 baada ya kurudi. Malarone huanza siku 1 au 2 kabla ya safari na kuendelea siku 7 baada yake. Anayeacha vidonge siku ya kupanda ndege ya kurudi ameacha wakati vimelea vinaweza kuwa bado vinajificha kwenye ini. Bibi akielezwa kwamba mjukuu hana kinga waliyonayo wenzake, atakuwa wa kwanza kumkumbusha kidonge. Hakuna bibi wa Kanda ya Ziwa asiyejua malaria ilivyo.

Mbwa naye atajwe haraka: akimuuma mtoto, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyohiyo aende hospitali kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima.

Linalosahaulika kuliko yote linakuja baada ya masanduku kufunguliwa. Malaria huanza kujitokeza kuanzia siku ya 7 hivi baada ya kuumwa na mbu, na ile ya hatari zaidi hujitokeza mara nyingi ndani ya miezi mitatu, mara chache hata baadaye, hadi mwaka. Wakati huo mtu yuko kazini Minneapolis au shuleni Stockholm, na daktari anayemwona mwezi Januari hufikiria mafua kwanza. Vilevile Mtanzania aliyerudi kutoka Kinshasa akifika zahanati na homa hupimwa malaria, ikikosekana huambiwa ni taifodi, na hakuna anayewaza homa ya manjano. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ndani ya chumba cha daktari, kabla hata ya kueleza kichwa kinavyouma, iwe ni hii: nimetoka safari, nilikuwa mahali fulani, nilirudi tarehe fulani. Kisha dai upimwe damu kwa malaria siku hiyohiyo. Malaria kali inaweza kumfikisha mtu kwenye kukosa fahamu ndani ya siku moja au mbili tangu homa ianze, na kipimo chenyewe hutoa majibu kwa dakika kama 20.